Vijaluba vya tambuu vya nyuzi za fedha, angalieni ndani kwanza

Jamani hivi vijaluba vya zamani, visanduku vidogo vya kuwekea tambuu (jani linalotafunwa na popoo na chokaa), vile vya nyuzi za fedha vilivyotengenezwa Asia enzi za ukoloni, mi navipa nyota tano, ila sio vyote, na kinachotofautisha kiko ndani sio nje.

Nje hata asiyejua anaona uzuri. Fundi anaivuta fedha kwenye vitundu vya chuma mpaka inakuwa uzi mwembamba kabisa, anasokota nyuzi mbili pamoja anazibamiza ziwe bapa, alafu anazikunja maua na majani anazipachika kwenye fremu ya waya mnene ndo alehemu, na moto ukizidi kidogo tu ua zima linayeyuka. Cuttack kule India kazi hii ipo mpaka leo wanaiita tarakasi, na Koto Gadang huko Sumatra pia. Batavia ya Waholanzi, ndo Jakarta ya sasa, kijaluba kilikuwa heshima ya nyumba, bibi tajiri akitoka mtumwa anambebea, mgeni akifika anakaribishwa tambuu.

Sasa ndani. Nyuzi zina matundu, chokaa ingepenya yote, kwahiyo kijaluba cha kutumia kweli utakuta kina vikopo vya fedha isiyotobolewa, cha chokaa, cha popoo, cha viungo. Kama havipo basi ama vimepotea ama kilikuwa pambo tu toka mwanzo, na vya mapambo vilipelekwa Ulaya vingi, makumbusho ya Hermitage kule Urusi wana kazi za nyuzi za Asia za malkia Catherine wa Pili mwenyewe. Mi napenda zaidi vyenye chokaa iliyogandia kwenye pembe, msiikwangue!

Muhuri wa fundi mara nyingi hakuna, na mafundi wa Kichina walifanya kazi mpaka Batavia, mitindo ikachanganyika sana, kwahiyo muuzaji akikutajia mji na mwaka kamili bila karatasi yoyote mwombe akuonyeshe anajuaje. Bawaba nazo zikagueni, ukiona lehemu ya kijivu imevimba hapo ni risasi, mtu katengeneza vibaya baadae, na kuitoa bila kuumiza nyuzi ni kazi ngumu mno, hapo nakipa nyota mbili tu.

Kusafisha msitumie dawa ya kuchovya, inabaki kwenye mikunjo. Brashi laini kavu inatosha, weusi ule wa katikati ya maua uacheni, ndo unaoonyesha mchoro vizuri.