Kichujio cha barua taka cha Gmail: kinanasa nyingi, lakini PASS isikulaze

Kwa utapeli unaotumwa kwa wingi, kichujio cha Gmail ni kizuri kweli. Barua nyingi za aina hiyo huishia kwenye folda ya taka na kufutwa zenyewe baada ya siku 30. Tangu Februari 2024 masharti yamekazwa: anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda akaunti za Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, yaani uhakiki kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa kinachotajwa (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @).

Uhakiki huo unaonekana. Kwenye kompyuta, fungua barua, bofya nukta tatu karibu na kitufe cha kujibu, uchague kuona barua asili. Juu utakuta PASS (imefaulu) au FAIL (imefeli). SPF peke yake ikifeli, huenda barua imepitishwa tu kwenye akaunti nyingine. DMARC ikifeli kwenye barua inayojiita ya benki, usiguse kitu.

Wengi hunaswa na PASS. Tapeli akisajili kikoa chenye "rn" mahali pa "m", anapata PASS zote tatu kihalali, maana kikoa ni chake. Kilichohakikiwa ni anwani. Nia ya mtumaji haijapimwa na yeyote.

Kwenye simu ndipo huduma hii inapopwaya. Kinachotangulia kuonekana ni jina la mtumaji, na jina hilo mtu hujiandikia apendavyo. Gusa kishale kilicho chini yake uone anwani kamili. Kiungo nacho kibonyeze bila kuachia mpaka anwani itokee, kisha tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya "https://" na usome kurudi kushoto. Katika benki.com.hakiki.example/ingia, mwenye tovuti ni hakiki.example. Hiyo "benki.com" ni chambo.

Barua ya kitapeli ikipenya, iripoti kupitia nukta tatu badala ya kuifuta tu. Kiungo cha kujiondoa kilichomo ndani yake usikibofye, kwani kinamthibitishia tapeli kwamba anwani yako ina mtu.

Na kama nenosiri limeshaandikwa kwenye ukurasa wa uongo, kulibadilisha hakutoshi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha ingia kwenye mipangilio ukague vichujio na usambazaji wa barua: mvamizi huweza kuacha amri ya kujitumia nakala za barua zako, na amri hiyo haifutiki kwa kubadilisha nenosiri.