Remington 760 za pampu: raifo au kabaini? Nimezishika zote, haya ndo maoni yangu

Wakuu wa Tabora mnaopenda bunduki za zamani na mna leseni zenu, leo naongelea Remington 760 Gamemaster, ile ya pampu iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1952 mpaka 1981. Mzee mmoja huku anazo mbili, zote za risasi ya .30-06 na zote zina vibali, moja raifo ya mtutu inchi 22, nyingine kabaini, yani raifo fupi, ya inchi 18 na nusu. Ukipima kwa rula tofauti ni ndogo ila ukizibeba ni vitu viwili kabisa.

Kabaini inafika begani haraka mno, kwenye kichaka haikwami na kushuka nayo kwenye Landkruza ni raha, ndo maana watu wanaisifia. Sasa simama wima bila kuegemea mti ulenge kitu cha mbali, yani mtutu ule mwepesi unacheza, ukihema tu umehama, na hapo umetembea kwenye miombo na jua la mwezi wa tisa moyo unadunda. Raifo uzito wake uko mbele, inachelewa kidogo kugeuka lakini ikishaanza inatulia na inamfuata mnyama vizuri. Alafu mlio wa kabaini ni balaa, .30-06 ina baruti nyingi na mtutu mfupi unafanya moto mwingi utokee nje, risasi nayo inapungua kasi.

Pampu yenyewe mi naipenda sana. Mkono wa mbele unavuta na kusukuma, mwingine unabaki palepale kwenye triga, kitako hakitoki begani na jicho haliachi shabaha, na hata wa mkono wa kushoto hahangaiki kama kwenye bunduki ya bolti, ile ya kuvuta komeo la pembeni. Waliozoea shotgani ya pampu ya Remington 870 wataizoea siku hiyohiyo, kitufe cha sefti kipo nyuma ya triga vilevile. Ila kwenye kabaini ukivuta kwa nguvu pua nzima inayumba, kwenye raifo haiyumbi hivyo. Kishikio cha pampu kina ulegevu kidogo kwenye zote, kinagonga gonga, porini kukiwa kimya inasikika.

Kwahiyo kwa miombo yetu nachukua raifo. Kabaini nampa anayepita vichaka vizito na anapiga karibu tu. Na tafadhali usimpe fundi raifo nzima aikate iwe kabaini, saiti ya mbele inaondoka na silaha ya miaka hiyo hairudi tena.

Kama unapata ya kununua, kwa taratibu zote za polisi, angalia kwanza chemba, pale risasi inapokaa. Pampu haina nguvu ya kung'oa ganda la risasi iliyopigwa kama bolti, kukiwa na kutu au vumbi hili letu ganda linanasa na utavuta mpaka uchoke. Magazini inachomoka, inabeba risasi nne, hakikisha inakaa bila kucheza.