Friji ya bia ya drafti yenye koki mbili: uzoefu wangu nikiwa na baa Arusha

Mashine ninayoizungumzia ni ile friji ya kegi mbili (mapipa ya chuma ya bia) yenye mnara wa koki juu: kegi zinaingia ndani, mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi unafungwa nyuma, bia inapita kwenye mpira na kutoka kwenye koki. Jina la kampuni silitaji, maana nyingi nilizoziona zimejengwa kwa mtindo uleule na usumbufu wake unafanana. Nimeitumia zaidi ya mwaka, na naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota iliyopungua ni ya mnara. Friji inapoza kegi vizuri, lakini mnara uko nje kwenye joto la baa na ndani yake hakuna kitu cha kuzuia joto hilo. Bia iliyobaki mle tangu glasi iliyopita inapata moto, basi glasi ya kwanza inajaa povu nusu nzima. Ya pili ina nafuu, ya tatu safi. Ijumaa usiku hata huoni tofauti; Jumanne mchana unamwaga hela. Fundi friji wa mtaani alinifungia feni ndogo ya kompyuta ndani, na kipande cha bomba la plastiki kinachopeleka ubaridi hadi juu ya mnara. Kazi imekwisha. Sielewi kiwanda kilishindwa nini.

Muuzaji, kila ukimpigia kuhusu povu, jibu ni "punguza gesi". Usimsikilize. Gesi imeyeyuka ndani ya bia, na inayoishikilia humo ni baridi pamoja na presha. Ukishusha presha, inaanza kutoka ikiwa bado kwenye mpira, povu linazidi, na baada ya siku chache bia inakosa gesi kabisa, wateja wanaanza kuulizana kama mmechanganya maji. Anza na joto la bia. Namba inayowaka kwenye mashine ni ya hewa ya ndani ya friji, kwa hiyo tumbukiza kipimajoto kwenye glasi. Yangu ilikuwa inaandika nyuzi 3 huku bia ikiwa 7. Kegi ya lita 50 iliyoletwa na pikapu juani inataka usiku na mchana mzima ndani ya friji kabla ya kuifungua, hata kama wateja wanagonga meza.

Kijitabu kinaelekeza presha ya psi 12 (psi ni kipimo cha presha) kwa bia ya nyuzi 3. Kwa Dar sawa. Geji inapima presha ya kegi ikilinganishwa na hewa ya nje, na huku kwetu, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi. Ongeza psi 2. Mimi nimeweka 14 na sijaigusa tena.

Geji ya pili, ile ya mtungi, nayo inahadaa wengi. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, na mshale haushuki mpaka kimiminika kiishe. Ukianza kushuka, una masaa tu. Unaonyesha hali ya hewa kuliko kiasi kilichobaki. Pima mtungi kwenye mizani, utoe uzito wa chuma uliogongwa shingoni. Na ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye kila maungio na utazame mapovu. Kama mtungi unakaa stoo isiyo na dirisha, uhamishe: gesi hii haina harufu, inatuama chini, na inaua.

Usafi ndio kazi halisi. Kila wiki mbili napitisha dawa ya kostiki ya kusafishia mipira, naiacha dakika 20, kisha maji mengi mpaka yasiteleze vidoleni. Koki nazifungua zote na kuzisugua kwa brashi. Kila miezi mitatu natumia dawa ya asidi kutoa gamba linaloganda ndani ya mpira, siku tofauti, kamwe si pamoja na kostiki. Ukiruka zamu, bia inaanza kunuka siagi au siki, na hapo lawama zote zinaenda kwa kiwanda cha bia bure.

Vipuri vya raba na washa nimepata kwa urahisi. Regyuleta iliyokuja nayo, kile kifaa cha kurekebisha presha ya gesi, ni dhaifu, nunua nyingine mapema. Na kama baa yako haimalizi kegi hata moja kwa mwezi, baki na chupa.