Jazi: kupiga vibao vya zamani au kutunga vyako?

Vibao vya zamani vina faida moja kubwa: wenzako wanavijua. Unapanda jukwaani na watu ambao hamjawahi kufanya mazoezi pamoja, unataja “Body and Soul”, mnaanza. Wimbo huo ni wa 1930, na sehemu yake ya kati inapanda nusu toni ghafla. Hapo ndipo mpiga saksofoni anapimwa. Mpiga saksofoni Coleman Hawkins alipourekodi mwaka 1939 aliigusa melodi yake ya asili mwanzoni tu, kisha akabuni yake papo hapo hadi mwisho. Kwangu mimi huo nao ni utunzi, tena wa hali ya juu.

Wimbo wako mwenyewe hauna msaada huo. Uandike noti, uifundishe bendi, umshawishi msikilizaji asiyeujua. Kwa mirabaha (malipo ya hakimiliki), lakini, kutunga kunashinda: kibao chenye hakimiliki ukikirekodi, fungu la mtunzi si lako.

Ninayoipenda zaidi ni njia ya kati, ya mpiga saksofoni Charlie Parker. Mwaka 1945 aliujenga “Ko-Ko” juu ya mfuatano wa kodi (noti zinazopigwa pamoja) wa kibao cha zamani “Cherokee”, akaweka melodi yake. Mwanafunzi wangu yeyote ningemwanzisha hapo.