Poti na kapasita za gita la besi: pesa yako weka wapi

Haya wadau, karibuni, tuko hapahapa Malindi na leo mezani nina poti tatu, zile za kuzungusha volyumu na toni, na kapasita tatu, vile vidude vinavyokata sauti za juu ukishusha toni, zote za gita la besi, maana kuna watu wananiuliza inboksi kila siku, kaka nataka besi yangu ibadilike sauti ninunue kapasita gani, na dukani washaambiwa ile nono ya volti 600 ndiyo inafungua sauti. Asikudanganye mtu. Piki-apu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, hata uipige kwa fujo haifiki volti kumi, hizo volti 600 ni mambo ya amplifaya za valvu, ndani ya gita ya volti 50 yatosha na kubaki.

Kinachobadilisha sauti ni thamani, hii namba iliyoandikwa ubavuni, hebu nisogeze kamera… mnaiona? 473. Yaani 47 halafu sifuri tatu, pikofaradi 47,000, ambazo ni nanofaradi 47, na hiyo ndiyo ya kawaida kwenye Fender Jazz Bass, aina maarufu ya gita la besi. Hii nyingine 104 ni nanofaradi 100, na hii 223 ni 22. Nanofaradi zikipanda, ukifunga toni, yaani ukiishusha, trebo (zile sauti za juu) inakatwa nyingi zaidi. Lakini sikia, ni ukifunga! Toni ikiwa wazi yote hizi tatu hutazitofautisha, kwa hivyo kama wewe toni yako haishuki kamwe basi kapasita wachana nayo, kanywe madafu.

Mimi hupiga chakacha kwenye maharusi, na hapo 104 siitaki, kwa sababu ngoma ya vumi ishakaa kule chini na besi ikizama nayo inakuwa ngurumo tupu, watu wanacheza ila noti hawaisikii. 473 naifunga nusu, inakaa nene na bado unasikia kidole. 223 ni ya mtu wa rumba anayetaka besi iongee hata toni ikiwa imefungwa.

Sasa poti, na hapa ndipo pesa iende. Poti ya 250K, yaani kilo-omu 250, inamwaga trebo kidogo kwenye athi, ule waya wa ardhi, hata ukiwa umefungua kila kitu, ya 500K inamwaga pungufu ya hapo, ndio maana inang'aa. Na Jazz Bass ina volyumu mbili na toni moja, zote tatu zikiwa wazi zinafanya kazi pamoja, piki-apu inaona kama kilo-omu 83 hivi, ukiweka za 500K inaona kama 167, tofauti hiyo inasikika bila kubonyeza chochote. Kwangu 500K kwenye Jazz ni kali mno, kila mkwaruzo wa uzi unatoka kwenye spika, ila kama besi yako imefifia jaribu.

Halafu poti zipimeni na multimita kabla ya kuchomelea, nyingi zinaruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 20, yaani imeandikwa 250 lakini inaweza kuwa 200 au 300. Hizi zangu, tuone… 238, 251, hii 274. Hiyo ya 274 naipeleka volyumu ya piki-apu ya daraja, ile ya karibu na pale nyuzi zinapofungwa. Angalia na herufi, A ndiyo ya sauti, inayofaa volyumu, B ukiweka kwenye volyumu unazungusha weee hakuna kitu halafu mwishoni inazama ghafla.

Jambo la kwetu huku pwani ni chumvi. Poti ikianza kukwaruza usikimbilie kununua, pulizia spree ya kusafishia kontakti, zungusha mara nyingi, ikirudi kukwaruza ndio ubadilishe. Na besi za bei nafuu matundu yake ni madogo, poti kubwa ya kampuni ya CTS yataka kama milimita 9.5, msitie keekee mbao inaweza kupasuka, chukueni tupa ya mviringo pole pole. Mgongo wa poti upigeni msasa kwanza ndipo risasi ishike haraka, ukiuchoma muda mrefu poti inakufa ndani.

Na kabla hujaagiza chochote fungua nyuma, ukikuta betri ya volti 9 usinifuate, piki-apu zenye betri mara nyingi zataka poti za 25K, hizi zangu hazikufai.

Haya, nachomeka jeki. Laini ileile ya chakacha, toni imefungwa yote, kwanza 223, halafu 473, halafu 104, vaeni hedifoni maana spika ya simu haiwezi kuwaonyesha kitu hapa.