Bei ya juu nimelipa, bakshishi mnadai ya nini tena?

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia. Nywele zenyewe zimetoka vizuri, zimelala, zinang'aa, na kila aliyeniona aliniuliza nimetengenezewa wapi. Sikumjibu hata mmoja. Shida yangu ni kaunta. Ile kaunta imenitia uchungu hadi kwenye mazuri yote yaliyotangulia.

Jina la saluni sitalitaja. Ni ile ya vioo kuanzia sakafuni hadi darini, kahawa kwenye trei, na bei ambayo ukitajiwa kwenye simu unaomba urudiwe. Najua kuna watakaosema kama sina hela si ningekwenda kwingine. Hela nilikuwa nayo. Bei niliulizia, nikaikubali, nikaenda kwa miguu yangu mwenyewe. Ninachogombania ni kilichokuja baada ya bei.

Nilikwenda kuweka dawa, retachi tu, zile zilizoota. Kwa ambao hawajawahi: dawa ya kulainisha nywele si mafuta ya kupaka ukaenda kulala. Ni kemikali kali, na nyingine zina sodiamu haidroksaidi, ileile iliyomo kwenye dawa za kuzibulia mabomba ya sinki. Inavunja vile viunganisho vinavyoupa unywele umbo lake, na ikizidisha muda inahamia kwenye ngozi. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, ikizidi ni kidogo, kwa hiyo kwenye retachi unachoshughulikia ni kipande kifupi cha chini. Ukiipandisha dawa juu ya nywele zilizokwisha kulainishwa, zinachoka na kukatika. Kwa kifupi, anayekupaka lazima awe na jicho, awe na mkono, na kikubwa zaidi awepo.

Huyu dada alikuwepo. Kabla hajagusa kopo la dawa alinigawa nywele na kupekua kichwa chote, akakuta kidonda kidogo nyuma ya sikio ambacho hata mimi sikujua kama ninacho. Akakifunika kwa mafuta ya mgando, akazunguka nayo paji, masikio na shingo. Akaanza kupaka nyuma. Za mbele pembeni aliziacha mwisho kabisa, kwa sababu zile ni laini na hushika haraka. Hakuwa na maneno mengi. Kila baada ya muda aliuliza, "Dada, inawasha?" na anasubiri jibu, haulizi kwa mazoea.

Sasa sikilizeni. Dawa iko kichwani, anaendelea kulaza kwa mgongo wa kitana, mwenye saluni akaita kutoka mlangoni: "Njoo umshike huyu mama, ana haraka. Huyo ataoshwa na msichana."

Dada hata hakugeuka. "Samahani bosi, dawa iko kichwani. Nikimwacha ataungua."

"Si dakika tano tu?"

Kimya. Akaendelea kulaza. Niliona kwenye kioo jinsi bosi alivyomtazama, na ule mtazamo haukuwa wa kusahauliwa mwisho wa mwezi. Dakika tano! Waliowahi kuungua kichwa wanajua dakika tano za dawa zinafanya nini. Na mtu huyo ndiye mwenye saluni, ndiye aliyeandika ukutani kwamba pale ni mabingwa wa nywele.

Kwenye sinki ilikuwa vilevile. Kuna shampuu ya kutolea dawa inayobadilika rangi: dawa ikiwa bado imo, povu linakuja la pinki, ikitoka yote povu linakuwa jeupe. Msichana wa kuosha alipitisha mkono wa kwanza, akaanza kunifunga taulo. Dada akaja, akachota povu pale kwenye kisogo, akalisogeza kwenye mwanga, akalitazama kiganjani. "Bado." Akakunja mikono ya shati, akaosha mwenyewe, akasuuza, akarudia, mpaka aliporidhika. Nilimwona vidole kwa karibu aliponipangusa maji usoni. Ngozi ya kidole gumba imepauka na kupasuka kando ya ukucha, kwa kushinda kwenye maji na madawa ya watu.

Nikasema moyoni, huyu nampa kitu. Bei iwe juu iwe chini, huyu nampa.

Halafu ndiyo nikafika kaunta.

Kwanza nikakuta nyongeza ya "nywele nzito", ambayo kwenye simu haikutajwa. Nikanyamaza. Nikaongeza na chupa ya shampuu, maana nilikuwa nimefurahi, na mwanamke akifurahi saluni kila mtu wa kaunta anamjua. Bosi mwenyewe ndiye aliyekuwa anapokea malipo. Akanigeuzia kishikwambi. Kina vitufe vitatu vikubwa: asilimia 15, asilimia 20, asilimia 25. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu ya kutafuta kwa miwani, "bila bakshishi". Hiyo asilimia ilikuwa imepigwa juu ya jumla nzima, pamoja na nyongeza, pamoja na chupa. Yaani chupa iliyokuwa imekaa kwenye rafu nayo inataka ashukuriwe aliyeipanga.

Nilipositasita akasema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye viti vya kusubiria: "Wateja wetu wa hapa huwa hawaondoki hivihivi."

Nikamuuliza kwa upole, "Hii inakwenda kwa nani?"

"Kwa timu."

"Timu ni nani?"

"Ni sisi sote, dada."

Sisi sote! Pamoja na yule aliyetaka niachwe na dawa kichwani. Nikabonyeza yale maandishi ya kijivu. Akakirudisha kishikwambi upande wake, akamwambia msichana aliyesimama pembeni, bila hata kushusha sauti, "Ndivyo walivyo. Mkoba mzuri, mkono mzito."

Nilitukanwa mbele ya watu, nikiwa nimetoka kulipa bei yao yote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule dada alikuwa hatua chache tu nyuma yangu, anafagia ncha alizonikata, na amesikia kila kitu. Kwa alichokisikia, mteja ambaye yeye alimtetea mbele ya bosi wake amekataa kumpa hata ya soda.

Hapo ndipo nataka tuzungumze, maana naona watu wengi wanabishana kama bakshishi ni lazima au si lazima, na kaunta zinanufaika na ubishi huo.

Mnaosema bei ikiwa juu bakshishi haina maana, nawaelewa kabisa. Hesabu yenyewe ni ya ajabu. Saluni ikipandisha bei kwa nusu, asilimia 20 nayo inapanda kwa nusu bila mtu kuongeza juhudi yoyote. Mkono ni uleule, muda ni uleule, kiti ni kilekile. Unalipia ongezeko mara mbili, mara ya kwanza kwenye bei na mara ya pili kwenye shukrani. Kwa hiyo mkitaka kutoa, achaneni na asilimia. Toeni kiasi chenu mlichokikata kichwani kwa kazi mliyoiona, na chupa za shampuu zibaki nje ya hesabu.

Ila bei ya juu haikuambii aliyekushika kichwa anapata nini. Hili wateja wengi tunalipita. Kuna msusi aliyekodi kiti: analipia nafasi, dawa ananunua mwenyewe, bei anapanga mwenyewe. Huyo akipandisha, ongezeko ni lake, na mimi sioni deni lolote hapo, nikimpa ni mapenzi tu. Kuna mwenye saluni anayekushughulikia kwa mikono yake, na watu wa zamani walikuwa hawampi huyo, maana duka ni lake na faida ni yake. Kuna anayelipwa kwa kichwa, anakatiwa sehemu yake, na pengine gharama ya dawa inatolewa kwanza ndipo wagawane. Na kuna wa mshahara, ambaye mkipandishiwa bei leo asubuhi yeye jioni anaondoka na kilekile cha jana. Viti vinne, bei moja, na kaunta haitakwambia uliyekaa naye ni yupi.

Wa kwangu ni wa kwa kichwa. Alikuwa amenidokeza tukiwa kwenye draya, nilipomuuliza mbona hapumziki. Kwa hiyo siku ile bosi alipomtaka aniache akashike kichwa kingine, alikuwa anaitwa kwenye hela yake. Akakataa. Kila nikilifikiria hilo hasira inarudi upya, na ndiyo sababu sitaki mtu aniambie habari za timu.

Na hii si kero yangu peke yangu ya mtu aliyeamka vibaya. Marekani, tangu mwaka 2018, sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kujiwekea bakshishi za wafanyakazi wake, na meneja naye hatakiwi kuingiza mkono. Uingereza wakatunga sheria yao mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2024: bakshishi yote iwafikie wafanyakazi, kwa mgawo wa haki, mwajiri asijikatie chake. Nchi zinafika mahali zinatunga sheria kwa sababu mikono ya kaunta inajulikana. Ukiuliza swali langu la "inakwenda kwa nani" hujamkosea mtu adabu, na anayekukunjia uso ameshakujibu.

Basi nikatoka nje, nikasimama kama ninayetafuta funguo kwenye mkoba. Dada alipotoka kumwaga taka nikamsogezea noti iliyokunjwa. Nilitegemea afurahi, na alifurahi, lakini kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka kuangalia mlango. Akaisukuma ndani ya aproni haraka. "Asante dada. Wasione tu, zinatakiwa ziingie kwenye boksi."

Wasione. Hela niliyompa mimi, kwa kazi aliyonifanyia yeye, anaipokea kama ameiba.

Mpaka hapo nilikuwa na jibu safi la kuwaandikia: mpeni msusi mkononi, kaunta achaneni nayo. Sasa sijui tena. Kwa upande mmoja, kila ninapopitisha noti kwa siri namsaidia bosi aendelee kumlipa vibaya, kwa sababu anajua wateja tutaziba pengo. Kwa upande wa pili, nisipompa, bosi hataumia hata kidogo, atakayeumia ni yule mwenye vidole vilivyopasuka. Na akikutwa na hiyo noti je? Kuna anayejua pale mtu akikutwa anafanywaje? Namshukuru huku namweka hatarini, na huku bosi anayetaka "sisi sote" anaendelea kugeuza kishikwambi. Kuna jambo moja tu ninaloliona limenyooka, nalo ni bosi kumlipa vizuri kutoka kwenye bei ambayo tayari ameipandisha, halafu ayafute yale maandishi ya kijivu na vile vitufe vyote. Hilo siwezi kumlazimisha. Ninaweza kumuuliza kwa sauti ileile aliyonitumia mimi, mbele ya viti vyake vya kusubiria, na safari ijayo nitamuuliza.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota moja. Nikimkumbuka dada na lile povu kiganjani nataka kuwapa tano. Nikikumbuka "mkono mzito" naona hata hiyo moja ni bakshishi, na nimeshasema sitoi. Kwa hiyo wekeni mnavyotaka: kazi tano, kaunta sifuri, na msinipigie wastani.

Mkienda kwa ajili ya dawa, nendeni asubuhi kabla foleni haijajaa, maana saluni ikijaa ndipo wanapoanza kuhamisha wasusi katikati ya kazi. Mkiwekewa dawa, semeni mapema kwamba anayepaka ndiye ataosha. Nyongeza ya "nywele nzito" iulizieni kwenye simu, itajwe kwa jina. Noti ndogo ndogo ziwe mfukoni, siyo kwenye kadi, kadi inakwenda moja kwa moja kwenye boksi. Namba yake ninayo, na ameshaniambia kuna mahali anaulizia kiti cha kukodi. Akihama, bosi atabaki na vioo vyake.