Mara yangu ya kwanza kuigiza, Kigamboni

Jamani nimeigiza filamu kwa mara ya kwanza, kampuni ndogo tu ya hapa Dar siwataji, tumeshuti siku 2. Nikaambiwa saa 11 alfajiri niwe nimefika, kamera imewashwa saa 4 😂 Sini yangu ni kunywa chai na kusema "mama hajarudi" basi, tumerudia mara 14 maana kila tukianza bodaboda inapita au jogoo wa jirani anawika, mpaka jamaa wa sauti kavua hedifoni kakaa chini. Chai imepoa, sisimizi kaingia, nikanywa hivyohivyo. Dairekta mpole, anakuita pembeni hakuaibishi, hapo nampa tano. Wali maharage wa kushiba. Ila nauli "tutakurushia jioni", leo wiki ya 2 kimya.